Kabla ya Kupanda Kifusi

Fungeni mlango, wanangu, na wewe Nkandu uchungulie kwanza dirishani, maana yule katibu wa klabu ya mpira amekuja kuniangalia mara tatu wiki hii na ndizi mkononi, na mtu ambaye kwa miaka kumi hakuniulizia hali haleti ndizi bure. Anataka kujua kama nitakufa kabla ya Jumatatu, siku timu itakapoanza mazoezi ya kujiandaa na msimu, au kama bado nina pumzi ya kusema neno. Ninayo kidogo. Kaeni.

Nyumba hii ni yenu wawili, msiigawe. Baba yenu mdogo akija kudai kwamba mgodi ulituachia nyumba hii sisi ndugu wote, mpeni chai, msimpe ufunguo. Meza yangu ya kuchulia misuli ni ya Nkandu. Najua watu wa Luanshya wanasema tabibu wa viungo mwanamke ataiharibu timu, na najua wewe, Kaluba, huwa unanyamaza wakisema. Msidhani nikigeukia ukuta basi na masikio nayo yamelala.

Miaka thelathini na moja nimeshika miguu ya wachezaji wa klabu hii, na sijaona kiumbe mwongo kuliko mchezaji anayerudi mazoezini mwezi wa Julai. Katoka likizo, kala ugali wetu wa nshima na kulala, baridi yenyewe ndiyo hii inayouma hadi meno, na anajua kuna mwenzake anaitolea macho nafasi yake, umuulize kama msuli unauma, atakwambia, "Aa, mzee, mimi chuma." Mdomo wake usiuamini. Mbonyeze huku ukimuuliza habari za mkewe. Akisahau jibu katikati, hapo chini ya kidole chako ndipo pabovu.

Na hii mila ya siku ya kwanza kupanda mbio kifusi cha mgodi, kile kilima cha mawe yaliyotupwa, atakayetangulia juu ndiye nahodha, naiacha nikiichukia. Walioianzisha walikuwa wachimbaji, walitoka shimoni na miili yao moto. Sisi tukaiiga tukiwa tumetoka kitandani. Kapembwa mnamjua, yule anayeshona viatu sokoni huku amenyoosha mguu mmoja. Mwaka ule msuli wa nyuma ya paja lake ulikuwa umechanika kidogo, nami nilipagundua kwa vidole hivi. Akanibembeleza, "Baba, usiseme, wataniita bibi," nikamwandika mzima. Katikati ya kifusi tulisikia sote msuli ukikatika. Watu wakasema karogwa, wakamfukuza kikongwe wa watu mtaani, nami nikanyamaza kwa sababu uchawi ule ulinifaa. Hilo ndilo deni langu, na ninalia nikilitaja. Nendeni kwa Kapembwa, nendeni na kwa watoto wa yule kikongwe, mkawaambie kuwa mchawi alikuwa baba yenu.

Sasa wewe, Kaluba, nawe ni mchezaji wa klabu kama wao. Kikulacho ki nguoni mwako. Jana uliponisaidia kwenda uani, kila kidato cha ngazi ulitanguliza mguu wa kushoto, na ulipoinama kunifunga kiatu ulikaa chini kabisa, ukajifanya unatafuta kitu sakafuni. Tena wiki hii umenichekea mno. Unasema ni uchovu tu? Uchovu hauchagui mguu mmoja, mwanangu.

Najua pia kwa nini hukumwendea dada yako, ambaye klabu imemweka pale kwa kazi hiyohiyo. Kwetu kaka hamwonyeshi dada yake paja. Haya hiyo niliwafundisha mimi, na nyumbani ilitufaa. Lakini mficha uchi hazai. Ulizoea kuja kwangu kwa siri. Sasa vidole vyangu vimekufa kabla yangu. Nimekushika paja tangu ulipokaa hapa kitandani, na sisikii kitu.

Nkandu, njoo. Kaluba, vua suruali ulale kando yangu. Usinitazame hivyo, mimi ni baba yako na ninakuamuru. Lete mkono, binti yangu, uweke hapa, chini ya wangu. Haya ile niliyowapa naichukua, nitaondoka nayo mwenyewe. Bonyeza. Juu kidogo... hapo. Umeona? Amebana pumzi.

Jumatatu hapandi kifusi. Wala Jumatatu ya pili. Aanze kwa kutembea, msuli aupe kazi kidogo kidogo, na asikimbie mpaka wewe useme. Kocha atafoka, watasema unamwonea kaka yako wivu, na huyu mwenyewe atakupigia magoti. Usimwamini. Mwandike mgonjwa... kwa jina lake kamili, nikisikia.

Lesa, Mungu wetu, awape miguu ya kuzeekea. Awape... maneno ya kweli zaidi baina yenu, kuliko niliyowapa mimi. Nkandu, mkono usiutoe. Kaluba... mwanangu, usijikaze. Mwache dada yako akushike. Kama panauma, sema... mwambie yeye. Mwambie panapouma.