Bi Saynab na Watoto Wasiofika Wodini

Tarehe thelathini Juni mwaka huu Bi Saynab Mursal anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya afya, kumi na tisa kati ya hiyo akiwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa hapa Garissa. Vijana wa ofisi humwita Eeddo, yaani shangazi, na hata madaktari waliokuja juzi wameiga. Wahariri wa jarida hili waliniomba mimi niandike kwa sababu nilikuwa msimamizi wa maabara alipoanza kazi hiyo, na kwa sababu, walivyosema kwa adabu, bado nipo.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya watoto. Kisha wakubwa wakataka kujua homa ya mafua inaua watoto wangapi katika kaunti zetu, na vifo vilivyoandikwa wodini vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole. Saynab hakuamini. Mtoto anayeugua malishoni, mbali na barabara, akifa asubuhi huzikwa kabla ya alasiri. Hapimwi wala hapewi cheti. Mama akiulizwa, husema kifua kilimbana. Hataji mafua, maana kwetu mafua si ugonjwa wa kuua mtu.

Basi kazi ikawa na sehemu mbili. Waliofika hospitali walipimwa kwa kijiti cha pua, nasi maabara tukamwambia ni asilimia ngapi ya wenye kifua walikuwa na virusi vya mafua. Wasiofika ilibidi wakadiriwe, na ili kuwakadiria alihitaji kujua ni wangapi waliokufa kwa kifua huko nje.

Kijiti chenyewe kilimpa vituko. Akina mama waliambiana kwamba kinafika kwenye ubongo, kwa hiyo kila alipofika alimpima kwanza dereva wake, Abdiqani, mbele ya watu wote. Huko Diff, mpakani, Abdiqani alipiga chafya hadi kilemba cha chifu kikalowa, na kliniki ikajaa kwa kicheko. Mzee mmoja hapo hapo alileta mbuzi wake akataka naye apimwe. Alisema kama serikali imeanza kujali kikohozi, mbuzi huyu anakohoa kuliko mtoto yeyote wa Diff.

Utafiti wa kwanza wa nyumba kwa nyumba ulikuwa wa aibu. Vijana walitumwa Sangailu kuuliza kila mama ana watoto wangapi na wamekufa wangapi. Kwetu watoto hawahesabiwi hadharani, jicho la watu ni kali, na waliokufa ni wa Mungu. Matokeo yalipokuja, Sangailu nzima haikuwa imepoteza mtoto hata mmoja kwa miaka mitatu. Mkubwa mmoja wa Nairobi aliuliza kwa nini sote tusihamie huko.

Saynab, aliyezaliwa na wafugaji, alirudi peke yake akaketi kwa bibi mmoja, Ramlo. Hakumuuliza habari za watoto. Alimuuliza habari za mbuzi waliochinjwa kwa akika, siku ya saba ya kila mtoto. Ramlo aliwakumbuka wote: yule mweupe mwenye kichwa cheusi, yule wa pembe moja, yule aliyenona mwaka wa mvua kubwa. Kwa kila mbuzi Saynab aliuliza taratibu aliyechinjiwa yuko wapi sasa. Huyu yuko shule Ijara, huyu ameolewa, na huyu kifua kilimchukua majira ya baridi. Njia hiyo ndiyo tuliyoitumia tangu hapo. Waliokufa kabla ya siku ya saba haiwafikii, na katika kila ripoti alilisema hilo wazi, akatoa makadirio yake kwa kusema si chini ya hapa, si juu ya hapa. Walipomshinikiza atoe namba moja iliyo safi, alijibu kwamba usafi huo hana. Kwa makadirio hayo zahanati za mpakani zilipata mashine za oksijeni.

Lipo jambo sijalisema mbele ya watumishi wenzangu, na kwa afya yangu ya sasa sitaki kuondoka nalo. Mmoja wa watoto hao wasiofika wodini ni mjukuu wangu, Yakub. Mama yake, binti yangu Barwaqo, alimpeleka likizo kwa jamaa karibu na Liboi. Akapata mafua, kisha kifua, na gari la hospitali lilifika ameshazikwa. Barwaqo akakataza mtu yeyote asimtaje.

Saynab alikuja kwenye matanga. Wanawake wakanong'ona kwamba amekuja kuhesabu. Makadirio ya mwaka ule yalikuwa karibu kufungwa, na hata mimi nilimtazama nikingoja swali. Siku zote tatu alipika chai, akaosha vikombe, hakuuliza kitu. Kama Barwaqo angenyamaza, Yakub angebaki nje ya hesabu, kikohozi kisicho na mwenyewe, na Saynab alikubali iwe hivyo.

Wiki iliyofuata Barwaqo alimwendea ofisini. Akamwambia, "Eeddo, mwandike. Lakini usimwandike kama mbuzi, mwandike kwa jina lake."

Saynab alimjibu kwamba kwenye hesabu hakuna mahali pa jina.

"Basi hesabu wape wao," Barwaqo akasema. "Jina ukae nalo wewe."

Juma lililopita Saynab alimkabidhi Ayan, mrithi wake, ofisi, gari na visanduku vya barafu vya kubebea sampuli. Jina la Yakub hakulikabidhi. Hilo anastaafu nalo, pamoja na mengine ambayo akina mama walimwachia, nasi hatutayauliza.

Bi Saynab, asante kwa niaba ya idara, na kwa niaba ya nyumba yangu. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, usingizi wa kutosha, na wageni wanaokuja kunywa chai tu.