Matundu ya Dirhamu: Ghanima binti Hashil, 1952–2006

Sisi ni wa Mola, na kwake tumemrejesha dada yetu mkubwa, Ghanima binti Hashil bin Khalaf.

Alizaliwa Tabora tarehe 14 Machi 1952, akasoma huko mpaka wazee wetu waliporudi Ibra, Omani, mwaka 1972. Shahada yake ya historia ya makhalifa aliipata Cairo mwaka 1977.

Mwaka 1979 aliolewa na Marzouq bin Nadhir wa Sur. Shemeji yetu alizoea kuwatania wageni: "Nimeoa mke mmoja, nikapata wakwe makhalifa wote wa Baghdad!"

Alisomesha Ibra, na kuanzia 1991 alitunza sarafu za kale katika jumba dogo la makumbusho la watu binafsi, Nizwa. Alieleza kwamba zamani utawala ulijulikana kwa mambo mawili: jina la mtawala kutajwa mimbarini na kupigwa chapa kwenye sarafu. Lakini yeye alizipenda zaidi dirhamu zilizotobolewa, ambazo wanawake walizivaa shingoni. Katika mji wa Jalan Bani Bu Ali alimuuliza bibi mmoja, aliyeitoa dirhamu yake kwa makumbusho, mbona tundu limepita katikati ya jina la khalifa.

"Mwanangu," akajibiwa, "yeye alitaka jina. Mimi nilitaka pa kupitisha uzi."

Jibu hilo Ghanima aliliandika chini ya sarafu ile, ndani ya kabati la kioo.

Mwaka 2003 ulitarajiwa ugeni mkubwa. Mkurugenzi, Abdullatif, akaamuru matundu yote yazibwe kwa fedha iliyoyeyushwa.

"Jina la mtawala halitobolewi, Ghanima."

"Limeshatobolewa, sheikh. Na aliyelitoboa naye ni historia."

"Ulimi wako bado uko Bara!"

Sonara akaziba. Maneno ya yule bibi yakaondolewa. Wageni wakasifu usafi wa sarafu. Ghanima aliacha kazi, na katika wenzake, wenye shahada kama yeye, hakuna aliyefungua mdomo. Baadhi yao wamo humu matangani.

Saratani ilimshika mwaka 2005. Alifariki nyumbani Ibra, Jumanne tarehe 9 Mei 2006.

Jana Abdullatif alituma salamu za pole, pamoja na ombi: dirhamu aliyoirithi Ghanima kwa mama yetu ipelekwe makumbusho, "itasafishwa vizuri." Kusafisha kwao tunakujua.

Ameacha mume, Marzouq. Kijana wake, Maen. Sisi ndugu zake. Na binti yake, Rasha, aliyekaa hapa mbele. Dirhamu iko shingoni mwake. Uzi ni mpya; tundu ni lile lile.

Mola amrehemu Ghanima, ampe utulivu alionyimwa Nizwa.