Kichwa cha Nerima

Benchi yetu iko nje ya duka la mbegu hapa Rongai, na tangu asubuhi tulikuwa tunakitibu kichwa cha mke wa Wamalwa bila mwenyewe kuwepo. Nerima anatibiwa saratani mjini Nakuru. Nywele zilianguka baada ya kemo ya pili, na sasa kichwa kinamwasha hadi hapati usingizi. Wamalwa aliuliza kitu kimoja tu, apakwe nini, na wanaume wa benchi hii hawajui kuacha swali lipite. Mimi nikiwa mmoja wao.

Ngigi, ambaye hutoa viazi Mau Narok ndiyo maana tunamwita Waru, yaani viazi kwa Kikuyu, alisema maganda ya viazi. Kipkemoi, tunayemwita Dakitari kwa sababu ya miaka aliyoosha ng'ombe kwa dip, lile josho la kuua kupe, aliyadharau hayo maganda.

— Chukua dawa ya kupe, kijiko moja kwa ndoo. Ng'ombe zangu hazijikuni.

— Nerima si ng'ombe, Dakitari, Waru akamwambia.

— Sijasema ni ng'ombe. Nimesema ngozi ni ngozi.

Nami nikasema ni nywele mpya zinasukuma kutoka ndani, na zitatoka laini kama za mtoto. Nilikuwa nimeyatunga hayo papo hapo. Wamalwa alinitazama kwa tumaini mpaka nikaona aibu.

Mama mmoja, Chesang, aliyekuwa akimngoja mwenye duka amuuzie mbegu za sukuma wiki, aliweka kikombe chake cha chai chini.

— Mzee, hicho kichwa umekiona? Kina vipele ama kimekauka tu? Uliza wale wa kliniki kabla upake kitu.

Wamalwa alitikisa kichwa.

— Sijakiona. Tangu Mei anavaa marvin, ile kofia ya sufu, hata kitandani. Akitaka kujikuna anajifungia bafu.

Akaendelea bila kumtazama yeyote.

— Miaka kumi na tisa mimi ndio nilikuwa namfumua. Anakaa chini, kichwa kwa magoti yangu, natoa rasta, zile nywele za kusukia, kwa mkia wa kichana. Nikifika nyuma ya sikio anasema, hapo, nikune hapo. Sasa kinamwasha usiku mzima na haniiti. Hii dawa, mama, naitafuta ndio nipate sababu ya kumwambia avue.

— Na ukimwambia tu avue, bila dawa? Chesang aliuliza.

Dakitari alikagua thermosi ya chai, Waru akakagua viatu vyake. Sote watatu tuna wake; mimi nikakagua pakiti za mbegu dukani.