Kidoti cha Kijani kwenye Jina la Baba Yenu

Sogeeni, wanangu, na wewe kitinda mimba weka simu chini, maana ninalotaka kusema linahusu simu hiyohiyo na sina pumzi ya kulisema mara mbili. Nyumba mmeshaigawana kwa macho, nimewaona mkipima kuta. Gawaneni, sigombani na mtu kwa ajili ya matofali. Kinachoniliza ni kimoja, nacho hakishikiki: lile jukwaa la wagonjwa wa figo nililolianzisha mtandaoni mwaka ule baba yenu alipoanza kusafishwa damu, nanyi mkanicheka mkiniita bibi mtandao. Leo lina watu elfu tisa, na mimi ndiye niliyeliharibu.

Mnajua lilitengenezwa na mafundi wa ng'ambo, watu sita ambao sijawahi kuwashika mkono, niliowaona kwenye kioo tu. Kazi yetu ilikwenda kwa orodha: Ijumaa naandika ninachotaka, Jumatatu nakuta kila mstari umetiwa tiki, hakuna swali wala ubishi, nami nikijisifu kwamba nimepata mafundi wasikivu. Kumbe fundi asiyebisha ni wa kuogopwa. Wiki ile baba yenu alipolazwa mara ya mwisho, jukwaa lilikuwa zito, kurasa zinafunguka kwa kusuasua, watu wananilalamikia, nami nikiwa kwenye benchi la hospitali nikaandika: "Wasioingia mwaka mzima waondolewe, na iwe hivyo daima." Haraka haraka haina baraka. Nilikuwa nawafikiria wale wanaojiandikisha kisha wakatokomea. Sikukumbuka kwamba kwenye jukwaa la wagonjwa, asiyeingia mwaka mzima mara nyingi amekufa.

Jumatatu tiki ilikuwapo. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameondoka na maneno yao yote: yule mwalimu wa hesabu aliyewafundisha wenzake kupima maji ya siku nzima kwa chupa moja, yule mshonaji aliyeeleza namna ya kulala bila kuulalia mkono unaochomekwa mashine ya kusafisha damu. Nikamwandikia mkuu wa mafundi nikilia, naye akajibu kwa adabu zake, "Mama, nilishangaa, lakini niliona umeandika." Nikauliza nakala ya akiba iko wapi, akasema sikuwahi kuiweka kwenye orodha, na kweli sikuwahi. Yeye aliogopa kuniuliza, mimi sikujua kwamba anaogopa, maji yakamwagika.

Baadaye alihama kazi, na kikosi kimebadilika mara tatu tangu hapo. Walioko sasa hawaigusi ile amri. Walipojaribu kuitoa kwenye jukwaa la majaribio, vyumba viwili vya mazungumzo vilipotea, wakaniambia ni heri iachwe ilivyo. Nimeomba, nimefoka, nimeandika orodha hadi vidole vikauma, na kila mwaka inafagia.

Sasa wewe, kifungua mimba wangu, nitazame. Miaka mitatu hukukaa mezani kwangu, na sababu tunaijua wawili. Mwaka mmoja kasoro mwezi baada ya kumzika baba yako, uliona kidoti cha kijani, alama ya mtu aliye hewani, kimewaka kwenye jina lake, ukaja mlangoni ukaniambia, "Mama, huna haya, unamchezea marehemu." Nilinyamaza kwa kiburi. Ni mimi niliyeingia, mwanangu, na bado naingia mara moja kwa mwaka, siandiki neno, nakaa kidogo natoka, ili ile amri yangu isimfute na yeye. Aliandika hivi, nimeyashika kwa moyo: "Kiu ikikubana nyonya kipande cha barafu, kisha mpigie mtu simu mgombane kidogo, itapita." Wiki iliyopita mgonjwa mgeni alimjibu, "Asante mzee, imepita." Sikuweza kumwambia kwamba mzee hayupo.

Nisamehe. Nilipaswa kukwambia siku ile ile, pale mlangoni.

Na zamu yangu imefika. Akaunti yangu ndiyo ya kwanza kabisa, vyumba vyote vilifunguliwa kwa jina langu, nikifutwa vinafutwa navyo. Mafundi wamekiri hawajui kuviandika kwa jina la mtu mwingine. Nikifa wiki hii, mwaka ujao siku kama hizi watu elfu tisa watafungua na kukuta ukurasa mweupe. Nimetafuta mlango mwingine, sikuuona. Nimebaki na ninyi, mnaosahau hata kufunga bomba.

Basi ingieni kwa jina langu. Maneno ya siri, yangu na ya baba yenu, yamo kwenye daftari la buluu, ndani ya mtoto wa meza ya cherehani. Laini yangu ya simu msiiache ikafa, kwa sababu namba ya kuingilia inaletwa huko. Mara moja kwa mwaka, na safari hii ulizeni... ulizeni msichoelewa, msiniogope, nimekwisha. Mkiniuliza na ninyi mkifa itakuwaje, sijui. Kweli sijui.

Niinueni kidogo. Hapo, hapo.

Mungu awaweke pamoja, awape subira niliyoikosa kwenye lile benchi, na watoto wenu wawasikilize kuliko mlivyonisikiliza. Msikatane kwa sababu ya kuta. Na siku mtakayoingia... kifungua mimba, wewe ushike akaunti ya baba yako, mdogo wako ashike yangu. Mtufungue wakati mmoja. Msiandike kitu. Mtuache nusu saa hivi, mimi na yeye, tuwe hewani... halafu mtutoe taratibu.