Firmin Byamungu Cishugi na Pakiti ya Tisa

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 16 Mei 2026, ni Firmin Byamungu Cishugi. Maisha yake yameandikwa hapa kutoka kwenye daftari, si kutoka kwenye mazungumzo ya matanga, maana katika matanga haya mengi yamesemwa ambayo hayakutokea.

Alizaliwa Kabare, Kivu Kusini, tarehe 14 Machi 1976, mtoto wa tatu wa Papa Cishugi Ntaboba na Mama M'Bisimwa. Mama alipotengeneza mashanza, ile jibini laini ya kwetu Bushi, Firmin alikinga yale maji ya njano yanayochuruzika na kuuliza yana nini ndani. Aliambiwa ni maji tu. Jibu hilo lilimkera mpaka utu uzima.

Alisoma shule ya msingi Kabare, kisha sekondari Bukavu, sehemu ya bio-kemia, akapata diploma ya serikali Julai 1996. Oktoba ya mwaka huohuo vita vilifika mjini, na chuo hakukiona. Walimu wake walimlalamikia jambo moja tu: swali la dakika mbili alilijibu kwa dakika ishirini, kwa mpangilio, bila kuruka kitu.

Aliingia Johannesburg tarehe 2 Februari 2003. Kwa miaka minane alikuwa mlinzi, kwanza Turffontein, halafu kwenye lango la kiwanda kimoja cha Jeppestown kinachotenganisha protini za maziwa. Kila lori lililoleta maji ya jibini alilifuata na maswali. Mwaka 2011 msimamizi alichoka kuulizwa, akamwingiza ndani. Tangu hapo Firmin alihudumia minara: mapipa marefu ya chuma yenye chembechembe zinazoshika aina moja ya protini na kuziacha nyingine zipite. Baadaye chembechembe huoshwa kwa maji ya chumvi, na ile iliyoshikwa hutoka peke yake. Laktoferini hutoka na rangi ya waridi, na lita elfu nzima hutoa kiasi cha kuingia kwenye kikombe. Protini hizo huenda kwenye vyakula vya wagonjwa, wazee na wanamichezo, na kwenye maziwa ya kopo ya watoto.

Mtaani kwake, Joubert Park, wote waliendelea kusema anauza maziwa ya unga. Alisahihisha, wakarudia. Mansour wa Tanga, aliyekuwa naye zamu moja, alimwambia, "Mzee, waitikie tu ndiyo, ukapumzike."

"Nikiitikia leo, kesho watatia kwenye chai."

"Wakitia kwenye chai, itawaua?"

"Haitawaua. Lakini haitakuwa chai."

Tarehe 11 Desemba 2004 alimwoa Jeanne Furaha, nao walijaliwa Chris na Chloé. Watoto walimwelewa kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza. Mezani alieleza protini kwa Kiswahili, wakapinga kwa Kiingereza, na fufu, ugali wetu, ikapoa katika lugha zote mbili.

Julai 2024 aligunduliwa kuwa na udhaifu wa moyo. Daktari alimkataza ngazi. Jeanne aliihamisha familia kutoka ghorofa ya saba hadi ya kwanza, na kwa muda mambo yakatulia.

Jumapili tarehe 19 Aprili mwaka huu ilikuwa ya mavuno kanisani. Firmin aliweka mezani pakiti tisa za alfa-laktalbumini, unga wa protini moja ya maziwa, ambazo kiwanda kiliwapa wafanyakazi. Alizikusudia kwa wazee ambao miguu yao imepungua nguvu. Alisimama kueleza, akaanzia Kabare. Alipofika kusema kwamba katika maji ya maziwa ya mama hii ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote, Mama Placide, mwenyekiti wa kina mama, alimkatiza. "Papa Firmin, tumeelewa. Kaa, watu wana njaa."

Hawakuwa wameelewa. Kwetu, chochote cha maziwa kinachowekwa kwenye meza ya mavuno hupewa waliojifungua mwaka huo. Hakuna aliyemuuliza zawadi ni ya nani, naye alikuwa hajafika sehemu hiyo ya maelezo.

Jumapili iliyofuata mama mmoja kijana alimshukuru mlangoni mwa kanisa. "Papa, mtoto sasa hasumbui. Kopo nimeacha, nampa ile yako tu."

Mtoto alikuwa na miezi mitatu.

"Mama, hiyo ni chumvi ya mboga, si mboga," Firmin alimwambia. "Haina mafuta, haina sukari. Mtoto hasumbui kwa sababu hana nguvu ya kusumbua."

Mtoto huyo alipelekwa kliniki kesho yake asubuhi. Yupo hapa leo, na wote mnamsikia anavyolia vizuri.

Firmin aliomba orodha ya waliopewa. "Sadaka haiandikwi, Papa," alisema Mama Placide. "Tukiandika, watu watalinganisha."

"Basi nitajie kwa kichwa."

"Kwa kichwa nakumbuka wanne."

Dada yake alimshauri atume ujumbe kwenye WhatsApp ya kanisa. Alituma, kwa sauti, dakika kumi na nane. Hakuna aliyeusikiliza mpaka mwisho. Badala yake ulienea uvumi kwamba Papa Firmin anadai sadaka yake. Mmoja kwanza aliificha pakiti chini ya kitanda na kumjibu mlango ukiwa umefungwa: "Mtu akishatoa haombi tena." Chris alijitolea kuzunguka kwa niaba yake, akaambiwa na baba yake kwamba hataeleza ipasavyo. Hivyo moyo ule ule uliokatazwa ngazi ulipanda ngazi siku kumi na tatu. Kufikia pakiti ya tano maelezo yake yalikuwa yamebaki haya: "Nipe pakiti, rudia kopo, mpeleke mtoto kliniki." Jeanne anasema aliisubiri sentensi fupi kama hiyo miaka ishirini na moja.

Jumamosi tarehe 9 Mei alikuwa amepata nane. Kwa ya tisa alielekezwa, bila jina wala namba ya mlango, kwenye jengo moja karibu na bustani, ambalo lifti yake haifanyi kazi tangu Januari. Aliketi kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Waliopita walimwamkia wakidhani anapumzika. Alifariki hospitalini saa kumi na dakika ishirini alasiri.

Ameacha mjane, Jeanne. Watoto, Chris na Chloé. Mama yake, M'Bisimwa, aliyeko Kabare. Kaka yake, Gustave, wa Bukavu. Na dada yake, Murielle Nsimire, aliyeandika haya.

Ameacha pia pakiti moja ambayo haijulikani iko kwa nani. Mama uliye nayo, hutanyang'anywa kitu, na hakuna atakayekuuliza jina. Leo ni siku ya ishirini na saba mtoto wako anakula kitu kisicho chakula. Jeanne amenunua kopo la maziwa ya watoto. Liko mezani kwake, ghorofa ya kwanza, mlango haufungwi, na Mama Placide amekaa hapo kukusindikiza kliniki. Nenda sasa, kabla ya udongo. Firmin hatakasirika ukikosa maziko yake.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi, kwa kutomsikiliza, tulimnyima.