Miaka Minne Aliyoikataa Ndugu Ismaili Chitanda

Leo, tarehe 30 Juni 1983, Ndugu Ismaili Chitanda, Afisa Utumishi wa kiwanda chetu cha korosho, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kazini: kumi na minne bandarini Mtwara na kumi na mitano hapa kwetu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimefanya naye kazi masjala tangu mwaka 1970. Imeniomba pia niandike kwa furaha. Hilo la pili nitajitahidi.

Alianza mwaka 1954 akiwa karani wa mahudhurio. Kazi yake ilikuwa kusimama getini asubuhi na kuandika nani kaja na nani hakuja. Wenzake waliandika namba, yeye akaandika majina, na baada ya miezi michache alijua hata nani anauguliwa nyumbani. Kanuni za utumishi alijisomea mwenyewe kwa njia ya posta. Alipoletwa hapa mwaka 1968, kiwanda kilipofunguliwa, alikabidhiwa chumba kimoja, kabati lisilofungika na wafanyakazi mia nne wasio na faili hata moja.

Hapo ndipo alipobuni ile kanuni yake maarufu. Wengi wetu tulitoka vijijini bila cheti cha kuzaliwa, na fomu ilitaka tarehe. Ndugu Ismaili hakumuuliza mtu alizaliwa lini. Alimuuliza aliingia jandoni mwaka gani, na pamoja na nani. Waliotoka kambi moja aliwaandika mwaka mmoja, akirudi nyuma miaka kumi, na wote akawapa tarehe mosi Julai. Kina mama aliwahesabu kwa unyago, kwa hesabu yake nyingine ambayo mpaka leo sijaielewa. Ndiyo maana kila tarehe hiyo nusu ya kiwanda hupongezana. Naye alijiandika kwa kanuni hiyohiyo, mosi Julai 1928, asije mtu akasema afisa kajipendelea.

Wakongwe watakumbuka pia habari ya mabibi. Kila msimu wa jando na unyago ulipofika, maombi ya ruhusa za misiba yalimiminika. Mabibi walikufa kwa wingi wa kutisha, na mmoja wao, bibi wa mama fulani wa idara ya ubanguaji, alizikwa mara tatu katika miaka miwili. Meneja alitaka watu waachishwe kazi. Ndugu Ismaili akabandika ubaoni orodha ya zamu, kila mwenye mtoto wa kuchezwa ngoma aandike jina lake wazi na apewe siku zake. Tangu hapo mabibi wa Mtwara wanaishi sana.

Mwaka 1971, Mwongozo wa chama ulipotoka na wafanyakazi tukapata nguvu ya kumhoji mkubwa, pande zote mbili zilimwita yeye. Alikaa kati ya meneja na kamati ya wafanyakazi siku mbili mfululizo, akatoka sauti imemkauka, lakini mashine hazikusimama. Katika miaka yake hapa amepeleka watu arobaini na mmoja masomoni. Mmoja ni mimi, niliyekuja kutoka Songea nikiwa mpiga chapa wa darasa la nane. Yeye mwenyewe hakwenda hata mara moja. Kila fomu ilipokuja aliona mwingine anayestahili zaidi, na sisi tulimwachia tu aone hivyo. Kwa hilo naona haya.

Sasa nifike mahali ambapo atanuna akisoma.

Mwezi Juni 1981 tulimstaafisha Ndugu Athumani Nampoto, fundi wa boila. Faili lilisema ametimiza miaka hamsini na mitano, umri wa kustaafu. Mama yake, Bi Sharifa, alikuja ofisini kwa miguu kutoka Nanguruwe kueleza kwamba mwanawe alizaliwa mwaka wa nzige, miaka kadhaa baada ya ule wa faili, na kwamba alipelekwa jandoni angali mdogo kuliko wenzake wote, mjomba wake amembeba mabegani. Ndugu Ismaili alimsomea kanuni: tarehe iliyoandikwa mara ya kwanza haibadilishwi. Bi Sharifa akamjibu, “Huyu ntoto wangu nimemzaa mimi, hukumzaa wewe na kalamu yako.” Akaondoka. Athumani alirudisha funguo za boila siku hiyohiyo, akiwa mtu mwenye nguvu zake zote. Ndugu Ismaili hakula mchana ule, wala wiki ile hakutania mtu.

Mwaka uliofuata mama yake mzazi Ndugu Ismaili alifariki. Katika mgawo wa vitu vya nyumbani alipata msahafu wa marehemu baba yake, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Ndani ya jalada, kwa herufi za Kiarabu, mzee alikuwa ameandika siku aliyozaliwa kila mtoto wake. Ismaili alizaliwa mwezi wa Rajabu mwaka 1351. Sheikh wa msikitini alipotuhesabia ikawa Novemba 1932. Kumbe naye alipelekwa jandoni mdogo, afuatane na kaka yake, na kanuni yake mwenyewe ilikuwa imemzeesha.

Januari mwaka huu makao makuu yakatoa waraka mpya: mwenye ushahidi wa maandishi wa tarehe yake ya kuzaliwa aombe masahihisho kabla ya tarehe 31 Machi. Niliruka kwa furaha pale masjala. Yeye jambo la kwanza alilofanya ni kuandika barua kuuliza kama maneno ya Bi Sharifa yatakubaliwa, ili Athumani arudishwe. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja. Ushahidi uwe wa maandishi.

Nikamwandalia barua yake mwenyewe bila kutumwa. Niliipiga chapa, nikaiweka mezani kwake, ikabaki saini tu. Ilikaa wiki tatu. Kila asubuhi niliifuta vumbi na kila jioni niliikuta hivyohivyo. Tarehe 31 Machi alinirudishia. Alisema, “Esta, baba yangu alijua kuandika. Baba yake Athumani hakujua. Tofauti yetu ni hiyo tu, na mimi ndiye niliyemsomea mama yake kanuni.”

Sikukubaliana naye, na leo sikubaliani naye. Kuondoka kwake hakumrudishi Athumani kwenye boila. Kunatuachia kiti kitupu na vijana wapya ambao hawatapata wa kuwauliza majina ya mama zao. Nilimwambia hayo yote na mengine makali zaidi, akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza kila mtu, kisha akaniomba nimletee orodha ya likizo. Jumapili iliyofuata alikwenda Nanguruwe kwa baiskeli. Walichozungumza na Bi Sharifa hakuniambia, ila alirudi na kikapu cha muhogo, na Jumatatu alinitania kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Jana nilifunga faili lake. Fomu inauliza sababu ya kuacha kazi, na nafasi iliyoachwa ni ya neno moja. Nimeandika: umri. Ni uongo wa kwanza kuuandika katika faili la mtu tangu aliponifundisha kazi hii, na nimeuandika kwa sababu yeye aliutaka.

Ndugu Ismaili, kwa niaba ya wote uliotuandika, tunakushukuru. Nenda nyumbani Magomeni kwa amani, upate afya na usingizi wa kutosha. Miaka minne na miezi mitano uliyotunyima sisi, mpe mkeo Bi Zuhura yote, wala usimpunguzie hata siku moja.

Esta Komba
Masjala