Mbele Akae Nani

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha Fundi Viatu, chini ya bati linalovuja upande mmoja tu, upande ambao hakuna anayetaka kukaa. Mimi ndiye ninayewauzia kahawa wanaolikalia, kwa hiyo nalazimika kuwasikiliza. Siku hizi hawabishanii mpira wala siasa. Wanabishania mchezo wa simu. Unapewa sarafu za mle mle mchezoni, unanunua wapiganaji, unawapanga kwenye ubao, halafu unaondoa mkono. Wanapigana wenyewe, wewe kazi yako ni kutazama. Simu yenyewe si yao. Ni ya mwenzetu Nahodha, fundi bomba, ambaye tangu miguu imkatae hajashuka kutoka chumbani kwake, ghorofa ya tatu, jengo lile pale ng'ambo ya barabara. Vidole navyo vilipoanza kufa ganzi, akampa mkewe simu atuletee na maneno mafupi: wasinishushe daraja, nikipona nikute pale pale nilipoacha. Tangu siku hiyo tumeshindwa mpaka tumezoea. Leo tukipigwa tena, anashuka daraja.

— Wapiga mishale wanaongezeka dukani, alisema Fundi Viatu. Simu hukaa gotini kwake kwa kuwa miwani ni yake. — Nichukue?

— Chukua wote, alisema Bima. Tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kuuza bima na hakuna aliyenunua. — Hao ni ukoo mmoja. Wakijaa ubaoni wanapeana nguvu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Na mbele akae nani?

— Si yupo Mzee Ngao?

Mzee Ngao ndiye mpiganaji wa bei ya chini kuliko wote, kijizee chenye ngao kubwa kuliko kiwiliwili chake. Hampigi mtu. Anasimama mbele anapigwa yeye, ili walioko nyuma wapate nafasi ya kufanya kazi. Nahodha alikuwa haanzi mchezo bila yeye.

— Huyo anakula nafasi bure, alisema Kamusi. Huyu ana neno kwa kila jambo, na mara nyingi neno hilo si lake. — Uza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nahodha alisema asiuzwe.

— Nahodha alisema, Nahodha alisema. Sawa, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu mwenyewe...

Wote tulitazama juu, kwenye dirisha la ghorofa ya tatu. Pazia limefungwa, kama jana. Nikawaongezea kahawa bila kuombwa.

— Wewe umeshapanda kumwona? Fundi Viatu alimuuliza Bima.

— Nilitaka kwenda. Mvua ikanizuia.

— Mvua inanyesha mpaka ngazini?

— Na wewe je?

— Mimi nina viatu vya watu hapa.

— Mimi siwezi, alisema Kamusi, na safari hii neno lilikuwa lake. — Nasikia amekwisha. Mtu aliyekuwa anabeba tangi la maji mgongoni peke yake, anapanda nalo huku anapiga mluzi. Naogopa kumwona.

— Basi tumshindie, alisema Bima haraka. — Tununue waganga. Wapiga mishale nyuma, waganga katikati. Mtu akiumia, anatibiwa papo hapo.

— Watamtibu nani, na wa mbele mnataka auzwe?

— Watatibiana.

— Nisikilizeni, alisema Kamusi. — Mbele tuache wazi kabisa. Adui akija akakuta mbele hakuna mtu, atampiga nani? Atasimama afikirie. Na akifikiria, mishale inamkuta. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo haijawahi kufanywa.

— Ndiyo sababu itafaa. Halafu tuongee kwa huzuni. Simu hizi zinasikia. Zikijua tumekata tamaa zitatuonea huruma.

— Hapo sasa hatuhitaji kuigiza, alisema Fundi Viatu.

Lakini aliuza. Mzee Ngao akatoweka, mwanya ukabaki mbele, wapiga mishale wakajazana nyuma kama watu wanaokimbia mvua. Akabonyeza, akaondoa mkono.

Hapo ndipo mke wa Nahodha alipovuka barabara, mtandio umelowa.

— Habari za hapa, shemeji zangu.

— Nzuri, shemeji. Mgonjwa anaendeleaje?

— Ndilo lililonileta. Wamesema arudishwe hospitali leo leo. Gari limeshafika, lakini dereva ana mgongo mbovu. Nimemkalisha kwenye kiti, tumshushe nacho.

— Sisi si tupo, alisema Bima, macho kwenye simu.

— Nyuma nitashika mimi. Ila zile ngazi mnazijua, ni nyembamba. Wa mbele anashuka kinyumenyume, uzito wote unamjia kifuani, na anatazamana na mgonjwa uso kwa uso mpaka chini. Nani atashika mbele?

Bima alisogea, akajikuta kaketi upande unaovuja, akabaki huko huko. Kamusi aliinama kufunga kamba za kiatu zilizokuwa zimeshafungwa. Fundi Viatu alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta. Mimi niliinua birika na kuliinamisha juu ya kikombe, nami nilikuwa najua fika kwamba kahawa imekwisha.

Kwenye simu adui hakusimama kufikiria. Alipita pale pasipo na mtu, akawafikia wapiga mishale mmoja baada ya mwingine, na waganga wakafa wakitibiana. Daraja likashuka.

Shemeji alitungoja. Alimtazama kila mmoja wetu, bila hasira, na ingekuwa afadhali angetutukana. Kisha akanyoosha mkono.

— Basi nipeni simu yake. Anasema akienda huko anataka aione. Kila asubuhi ananiuliza kama Mzee Ngao bado yuko mbele.

Fundi Viatu akampa. Yeye akaifunga kwenye ncha ya mtandio bila kuitazama, akavuka barabara, akaingia jengoni. Tulisikia viatu vyake vikipanda ngazi, na hakuna aliyeinuka.